Kilima kitajengwa nyumba 80: maji yake yatapita kwa nani?

Swali la msomaji: Shikamoo. Mtaa wetu uko Bangwe, hapa Kigoma, chini ya kilima. Miezi miwili iliyopita walikuja wapimaji wakaweka mawe ya mpaka kwenye eneo la ekari kama 10 ambalo miaka yote watoto wanachezea mpira na sisi tunapita kupandia barabarani. Mwenyekiti anasema kuna kampuni itajenga nyumba 80 za kuuza. Watu wanalalamika mengi: kiwanja cha watoto kitapotea, wageni watajaa, maji ya bomba yatapungua, ghorofa zitatuchungulia, maji ya mvua yatatumaliza. Wengi wetu hatuna hati. Mkutano wa mtaa umeshaitishwa. Tuseme nini ili tusikilizwe, tena bila kuitwa wapinga maendeleo?

Jibu:

Marahaba, mama. Barua yako nimeirudia mara tatu, kwa sababu orodha hiyo ya malalamiko naijua. Kazi yangu ya mipangomiji niliifanya nikiwa upande wa meza ya halmashauri, na nimeona orodha kama yenu ikiingia mkutanoni na mambo saba na kutoka bila hata moja. Kuna mkutano mmoja, mji mwingine, ambao hadi leo unaniuma. Wakazi walisema kwa saa tatu, kila mtu na lake, sauti zikapanda. Muhtasari uliofika ofisini ulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba wananchi waliupokea mradi baada ya kupewa ufafanuzi. Msimu wa mvua uliofuata maji yaliingia nyumba za chini. Na suala la maji lilikuwa limesemwa siku ile. Lilisemwa na mzee mmoja aliyelijua lile korongo tangu utoto wake, ila lilizama katikati ya kelele za vivuli vya ghorofa na bei za kodi. Mimi nilikuwa mezani. Sikuomba liandikwe.

Kwa hiyo nakwambia mapema ninaloliamini: pelekeni mkutanoni jambo moja kubwa, nalo ni maji ya mvua. Liulizeni kwa namna ambayo haijibiki kwa maneno matupu. Mengine yaje nyuma yake, machache, kila moja na mtu wake wa kulisema.

Kwa nini maji? Kwa sababu ya namna mji wetu ulivyokaa. Tabora ni tambarare, mvua ikizidi maji yanatuama mbugani na watu wanasubiri yakauke. Kigoma imeegemea vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Tanganyika. Maji hapa yanakimbia, na yakikimbia yanabeba udongo, yanachimba korongo, yanang'oa msingi. Pale yanapokutana na bonde lisilo na mlango, kama Katubuka, yanabaki na kuwa bwawa katikati ya makazi ya watu. Kilima chenu kikiwa na majani na vichaka kinafanya kazi ambayo hakuna anayeilipia: kinakunywa sehemu ya mvua na kuichelewesha iliyobaki. Siku kikivaa mabati na zege, kazi hiyo inahamia kwenu.

Hesabu yake si ngumu, na naomba mwalimu yeyote wa hapo mtaani aiandike kwenye karatasi kubwa siku ya mkutano. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari 10 ni kama mita za mraba 40,000. Chukua mvua ya milimita 40, ile ya alasiri moja ya Januari ambayo kila mtu wa Kigoma ameshaikimbia. Kwenye kilima chote zimeanguka lita 1,600,000. Tuseme kilima chenye majani kinaachia asilimia 30 zishuke: ni lita 480,000. Tuseme kilima kilichojengwa, chenye mapaa, barabara na udongo ulioshindiliwa, kinaachia asilimia 70: ni lita 1,120,000. Tofauti ni lita 640,000, sawa na maboza 64 ya lita 10,000, yote yakimwagwa juu ya mtaa wenu kwa mvua moja, tena kwa haraka kuliko zamani, kwa sababu bati halicheleweshi kitu. Asilimia hizo nimezichukua kama mfano, na mhandisi wa mradi anaweza kuja na zake kulingana na mteremko na udongo. Ndiyo sababu mumuulize. Akisema si 70 bali ni 55, mshukuruni, kisha muombe aandike jinsi alivyoipata na maji hayo atayapitisha wapi.

Atakachowajibu kwanza, nina uhakika karibu wote, ni kwamba kutakuwa na mitaro. Hapo msitulie. Mtaro haupunguzi maji, unayahamisha. Mtaro mzuri wa zege ukiishia kwenye kichochoro chenu cha udongo ni bunduki iliyoelekezwa mlangoni. Swali linalofuata ni hili: mtaro huo unaishia wapi, na kutoka hapo hadi ziwani maji yanapita ardhi ya nani? Kama jibu ni kalavati iliyopo barabarani, ombeni ipimwe kipenyo chake na ilinganishwe na maji mapya. Kalavati nyingi za mitaani ziliwekwa wakati kilima kikiwa kichaka.

Jibu lake la pili litakuwa matangi ya kuvunia maji ya mvua. Hilo ni jema, likubalini, lakini lipimeni. Nyumba 80 zenye mapaa ya mita za mraba 100 zinakusanya lita 320,000 kwa mvua ile ile. Tangi la lita 2,000 kwa kila nyumba linashika lita 160,000, nusu ya maji ya mapaa, tena siku ambayo matangi yako tupu. Na tangi la mama mwenye nyumba halipaswi kuwa tupu katikati ya msimu, amelinunua ili lijae. Kwa hiyo matangi yanasaidia mvua ya kwanza, ya pili hayaioni.

Kinachosaidia kweli ni mradi kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa bwawa la kupokelea maji, lenye tundu dogo la kutokea, ili maji yaliyoshuka kwa nusu saa yatoke kwa saa kadhaa. Kushika zile lita 640,000 kunahitaji shimo la mita 32 kwa 20 lenye kina cha mita 1. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uwanja wa mpira. Kiangazi linakuwa kavu, limeota majani, watoto wanacheza humo. Wauza nyumba hawalipendi kwa sababu linakula viwanja viwili au vitatu ambavyo vingeuzwa. Mimi naona viwanja viwili si bei kubwa kwa mtaa mzima kulala usingizi.

Kuna jambo la ziwa ambalo watu wa mlimani hulisahau. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa mvuke. Likijaa halishuki kwa wiki, linachukua misimu. Mliona lilivyopanda miaka hii hadi 2024, Kibirizi na Katonga, nyumba na vibanda vya mwaloni vikaingiliwa. Mtaro wowote unaoishia ziwani, mdomo wake ukifunikwa na ziwa lililopanda, maji ya mlimani yanakosa pa kutokea na kurudi kwenye nyumba za chini. Muulizeni mhandisi mdomo wa mtaro wake utakuwa juu ya kiwango kipi cha ziwa: cha kiangazi alichopimia, au cha 2024? Na msimkubalie akisema atajenga kitu cha kudumu ufukweni, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wavuvi wenu pia wana neno hapa. Udongo mwekundu unaoshuka unatanda kwenye mawe ya pwani ambako samaki wengi wa ziwa hili hula na kuzalia.

Kisha ulizeni tarehe ya trekta kuingia. Hatari kubwa kuliko zote haiko siku nyumba zikikamilika, iko kati ya siku kilima kinapochunwa na siku majani yanapoota tena. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei. Kilima kikichunwa Mei, mitaro mikuu na bwawa vikamalizwa kabla ya Oktoba, mko salama kwa kiasi. Kikichunwa Septemba kwa sababu fedha zimechelewa, mtakula matope msimu mzima. Sharti hili halimgharimu mwendelezaji, yaani kampuni inayojenga, chochote ila ratiba, na ndiyo maana nalipenda: mtu akilikataa, mtakuwa mmeshajua mnashughulika na nani. Liandikwe kwamba usafishaji wa eneo hautaanza baada ya Julai, na hautaanza kabisa kabla mtaro wa chini haujachimbwa.

Sasa hilo eneo lenyewe. Umeandika kwamba ni la watoto la miaka yote. Nakuamini, ila ofisini hilo halitoshi. Eneo tupu na eneo la wazi ni vitu viwili. Eneo la wazi ni lile lililochorwa hivyo kwenye mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa. Eneo tupu linaweza kuwa viwanja vya makazi vilivyochorwa miaka 30 iliyopita na mwenyewe hakujenga. Kabla ya mkutano, watu watatu waende Manispaa ya Kigoma Ujiji, idara inayohusika na ardhi na mipangomiji, waulize namba na mwaka wa mchoro unaoonyesha eneo hilo na matumizi yaliyoandikwa juu yake. Wakijibiwa kwa mdomo, waandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30.

Mkikuta limechorwa kuwa eneo la wazi, hali yenu ni tofauti kabisa, na yote niliyosema juu ya maji yanasogea nafasi ya pili. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wa maombi na tangazo ili wenye pingamizi waseme. Tafuteni tangazo hilo. Kama lipo, soma siku zilizoandikwa na uhesabu kutoka tarehe yake, maana pingamizi linaloletwa nje ya siku linawekwa kabatini. Kama halipo, hilo ndilo neno lenu la kwanza mkutanoni. Mkikuta limechorwa makazi, msipoteze saa mkidai uwanja kama haki. Ombeni njia yenu ya kupandia barabarani ibaki kwenye ramani kama njia ya miguu yenye upana ulioandikwa, na lile bwawa la maji litengenezwe ili watoto wachezee humo kiangazi. Hapo mnaomba kitu ambacho mtu anaweza kuwapa.

Kuhusu hati, wala usiwe na hofu. Hati miliki ni ya kudai kipande cha ardhi. Sauti katika mkutano wa mtaa ni ya mkazi aliyetimiza miaka 18, awe mwenye hati, mwenye karatasi ya kuuziana au mpangaji wa chumba kimoja. Tena ile sheria ya mazingira ya 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa nafasi ya kuidai. Haikuandika mwenye hati. Kama kuna jirani ambaye jiwe la mpaka limeangukia ndani ya ua wake, huyo ana kesi yake peke yake: kampuni ya kuuza nyumba haina mamlaka ya kumtwalia mtu ardhi, inanunua kwa makubaliano, na asisaini chochote kabla ya kupata mtu wa kumsomea. Serikali ndiyo hutwaa kwa manufaa ya umma, nayo inadaiwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Nije kwenye mkutano wenyewe, maana mitaa mingi inashindwa hapo hapo. Karatasi ya mahudhurio ni kitu cha kuogopa. Watu wanasaini kwamba walikuwepo, halafu karatasi ile ile inabanwa nyuma ya muhtasari wa kukubali mradi. Msisaini karatasi isiyo na kichwa. Juu ya kila ukurasa iandikwe tarehe, jina la mtaa na maneno kwamba ni mahudhurio tu, si ridhaa. Kama kuna nauli au soda inayogawiwa, sahihi yake iwe kwenye karatasi nyingine kabisa. Mchagueni kijana mwenye mwandiko mzuri aandike muhtasari wa wakazi sambamba na ule wa mtendaji, na kabla ya kufunga mkutano muombe kwa upole usomwe kwa sauti. Kwa upole, narudia. Mtendaji wa mtaa mara nyingi naye ana mashaka yale yale mliyonayo, na akipewa swali lililoandikwa vizuri anapata nguvu ya kulipeleka juu.

Baada ya hapo andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa diwani na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Maswali yawe manne: maji yanayoongezeka ni lita ngapi, yanapita wapi hadi ziwani, ujenzi unaanza mwezi gani, na nani atasafisha mitaro na bwawa baada ya nyumba kuuzwa. Hilo la nne watu hulisahau. Mwendelezaji akimaliza kuuza anaondoka. Mitaro ya barabara za mji inaweza kuangukia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ya ndani ya mradi inaweza kubaki kwa wenye nyumba, na lile bwawa linaweza lisiwe la mtu. Wekeni picha tano za korongo lenu, zenye tarehe, moja ikiwa na mtu amesimama ndani ili kina kionekane. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama hamkuandika.

NEMC nimeitaja kwa sababu mradi wa nyumba nyingi kwa pamoja unatakiwa upeleke maelezo yake huko kabla ya kuanza, ili iamuliwe tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kwa kiwango gani. Kanuni za tathmini za 2005 zinamtaka mwenye mradi awajulishe watu wa eneo hilo kwa matangazo na redio, na akutane nao. Muulizeni namba ya maombi yake. Mtu aliyesajili anaitaja papo hapo.

Diwani naye msimwache. Mambo haya yakifika halmashauri yanapita kwenye Kamati ya Mipangomiji na Mazingira, na hapo diwani mwenye barua iliyogongwa muhuri anasikika tofauti na diwani anayesema wananchi wangu wanalalamika. Mahakamani pia mnaweza kwenda, lakini kuishtaki halmashauri kunahitaji kwanza ilani ya siku 90, na siku 90 zinatosha kuchuna kilima chote. Ndiyo maana nawasukuma muwahi huku mwanzoni.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Maji ya bomba ni hoja halali: muiandikie mamlaka ya maji ya Kigoma Ujiji, muulize kama mradi umeomba maunganisho na tangi gani litauhudumia, kwa kuwa maji yetu yanasukumwa kutoka ziwani kupanda vilima na nyumba za juu zikiongezeka msukumo wenu unaweza kubadilika. Majitaka ni hoja kubwa kuliko mnavyoidhani. Makaro 80 mlimani yananyonywa na udongo ule ule unaolisha visima vyenu vya chini, kwa hiyo kila mwenye kisima alitaje kwa mahali kilipo, kiingie kwenye barua. Ghorofa kuchungulia uani ni jambo la kuongea na msanifu kuhusu madirisha. Litasikika likisemwa na mtu mmoja kwa dakika mbili.

La wageni naomba mliache nyumbani. Najua linatoka wapi, na sidharau hofu ya mama mwenye mabinti. Lakini mji huu umejengwa na waliofika. Walikuja Waarabu, Wamanyema wakavuka ziwa wakaifanya Ujiji yao, wakaja watu wa reli, Warundi, Wabembe, na Waha wenyeji wakaishi nao na kuoana nao. Hoja ya wageni ikisemwa mara moja tu mkutanoni, hiyo ndiyo itakayoandikwa, na hoja ya maji itasomwa na mtu ambaye ameshaamua ninyi ni watu gani. Nimeona mitaa yenye haki ikipoteza kila kitu kwa sentensi hiyo moja.

Na wale wenzako wanaotaka kusema hatutaki tu, waulize kama kuna mmoja wao ambaye mwanawe ameoa na hana pa kujenga. Kigoma inahitaji nyumba. Nyumba 80 zilizopangwa, zenye mitaro na bwawa, zinaweza kuwa majirani wema kuliko kilima kile kile kikijengwa kiholela nyumba moja moja, bila mhandisi na bila mtu wa kumuuliza. Sisemi hivyo ili mkubali. Nasema ili mkisimama mbele ya meza ile mjue mnachokidai, maana mimi nilikaa nyuma yake, na aliyekuja na swali moja la namba ndiye tuliyeshindwa kumpita.

Kabla ya mkutano, chukua wazee wawili wanaojua maji ya zamani na vijana wawili wenye simu. Pandeni kilima kutoka nyumba ya chini kabisa hadi kwenye yale mawe ya mpaka, mkifuata njia ya maji. Kila mahali yanapopinda, pigilia kigingi na ufunge kitambaa chekundu, piga picha. Kisha nenda ukaulize namba ya mchoro. Ukiipata, niandikie pamoja na picha hizo, nami nitakusomea alama zilizoko pale, kiwanja kwa kiwanja.